Kihisi Kinachojilisha na Redio Isiyoshiba

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walimbandika mtu kipande chembamba kwenye ncha ya kidole, wakamwacha alale. Ncha za vidole hutoka jasho hata mwili ukiwa umetulia kabisa, na ndani ya jasho hilo mna asidi ya laktiki. Vimeng'enya vilivyo kwenye kipande huivunja asidi hiyo na kuachia elektroni, yaani umeme. Baada ya saa 10 za usingizi, kidole kimoja kilikuwa kimekusanya karibu milijouli 400 za nishati, yaani jouli 0.4. Vichwa vya habari vikafuata mbio: usingizi wa usiku mmoja unaendesha saa ya mkononi kwa saa 24!

Ni kweli, unaiendesha. Ila ni saa ipi? Ni ile ya tarakimu nyeusi kwenye kioo cha kijivu, inayokuonyesha saa na dakika basi. Saa janja ya leo, inayopima mapigo ya moyo, kupokea ujumbe na kuwasha skrini ya rangi, huwa na betri ya miliampia-saa 300 hivi, na wengi wetu huichaji kila usiku. Piga hesabu: hizo ni takriban jouli 4,000 kwa siku. Kidole kimetoa 0.4. Kuilisha saa janja kwa jasho la usingizi kungehitaji vidole 10,000.

Sidharau kazi ya watafiti wale. Kupata umeme kwa mtu aliyelala fofofo, asiyekunja hata goti, ni ufundi wa hali ya juu. Ninachokataa ni jinsi neno "kinachojiendesha" linavyotupwa juu ya kila kibandiko, soksi na mkanda unaotoka maabara, kana kwamba tayari tumeagana na chaja. Neno hilo limebeba maana mbili, na anayelisikia huambiwa moja akaelewa nyingine.

Maana ya kwanza ni ya kihisi chenyewe, yaani sehemu inayopima. Chukua fuwele ambayo ikibanwa hutoa umeme, jambo ambalo ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, walilionyesha mwaka 1880. Iweke juu ya mshipa wa kifundo cha mkono. Kila damu inaposukumwa, mshipa unainuka, fuwele inabanwa, volti inapanda na kushuka. Hukuipa fuwele umeme wowote; mapigo yenyewe ndiyo yaliyoandika ishara. Hicho ni kihisi kinachojiendesha, na mtafiti anayekiita hivyo hasemi uongo.

Maana ya pili ni ya kifaa kizima: kihisi, pamoja na saketi inayoigeuza ile volti kuwa tarakimu, pamoja na kichakataji kinachoamua tarakimu zina maana gani, pamoja na redio inayozipeleka kwenye simu. Kifaa kizima kuishi kwa chakula chake ni habari nyingine kabisa. Ukisoma kwa makini ripoti nyingi za maabara, utaona kihisi kinajilisha, halafu pembeni kuna waya unaoelekea kwenye mashine ya kupimia iliyochomekwa ukutani, au kijisanduku chenye betri ya lithiamu kinachofanya kazi ya Bluetooth. Kuhisi kumekuwa bure, kuongea bado kunalipiwa. Na kuongea ndiko kunakokula.

Tuweke tarakimu mezani. Redio ya Bluetooth ya matumizi madogo, iliyoingia sokoni baada ya viwango vya mwaka 2010, hula miliwati 10 hivi inapokuwa inatuma. Kivunaji kizuri cha kuvaliwa, yaani kifaa cha kukusanya umeme kutoka mwilini au mazingira, mtu akiwa ametulia, mara nyingi huleta mikrowati kumi au makumi kadhaa, na mikrowati ni sehemu moja ya milioni ya wati, miliwati sehemu moja ya elfu. Tuseme unavuna mikrowati 10. Sekunde moja ya redio ikiwa wazi inameza mavuno ya sekunde elfu moja, karibu dakika 17. Hapo mtu anaweza kukata tamaa, lakini hesabu hiyohiyo ina upande mwingine. Ujumbe mfupi wa redio hiyo huchukua milisekunde chache tu. Ujumbe wa milisekunde 3 hugharimu mavuno ya sekunde 3. Kwa hiyo kibandiko kinachosema "joto la mwili ni 36.8" mara moja kwa dakika kinawezekana kabisa. Kibandiko kinachomwaga mchoro mzima wa moyo, mamia ya vipimo kila sekunde, usiku na mchana, hakiwezekani kwa mavuno hayo. Tofauti ya vifaa hivi viwili ni wingi wa maneno. Chanzo cha umeme ni kilekile.

Sasa tuangalie vyanzo vyenyewe, maana kila kimoja kina hila yake.

Mwendo ndio unaopendwa zaidi kwenye maonyesho. Mwaka 1996 mtafiti Thad Starner, akiwa chuo cha MIT, Marekani, aliandika makala iliyokadiria kwamba mtu wa kilo 68 anayetembea kwa haraka huachia wati 67 kwa kushuka kwa visigino vyake. Ilionekana kama mgodi. Wenzake wa chuo hichohicho wakatengeneza viatu vyenye kauri au plastiki inayotoa umeme ikibanwa ndani ya soli, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalikuwa wastani wa miliwati 8.4 kwa soli ya kauri na 1.3 kwa soli ya plastiki. Kutoka wati 67 za karatasini hadi miliwati 8 za kwenye kiatu! Sababu haikuwa uzembe. Kiatu kinachochukua wati zote 67 ni kiatu kinachozama kama mchanga mkavu wa pwani. Jaribu kutembea juu yake kilomita mbili uone. Umeme wa mwendo si wa bure. Unautoa kwenye misuli yako, na misuli hutoa risiti. Waliobuni kifaa cha gotini cha kuvuna umeme mwaka 2008, timu ya Max Donelan ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser, walipata karibu wati 5 kwa miguu miwili, tena kwa ujanja wa kuvuna pale tu mguu unapojizuia, kama gari linalopunguza mwendo mteremkoni. Lakini kifaa kilikuwa na uzito wa kilo 1.6 kwa kila mguu. Kubeba uzito huo kulimchosha mvaaji kuliko kuvuna kwenyewe.

Halafu kuna umeme wa msuguano, ule unaokushtua ukivua sweta. Zhong Lin Wang wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, ndiye aliyeugeuza kuwa fani mwaka 2012, na tangu hapo machapisho yamekuwa mvua ya masika. Huenda umeona zile video: mkono unapiga bamba, taa ndogo mia zinawaka kwa pamoja. Ni za kweli, lakini zinahitaji kusomwa. Msuguano hutoa volti nyingi, hata mamia, zenye mkondo mdogo mno. Taa zimeungwa mfululizo, zinawaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na jicho ndilo linaloubakiza mwanga. Ripoti hutaja kilele cha nguvu kikiwa kimepimwa kwenye ukinzani wa mamilioni ya omu, wakati saketi ya kawaida inataka volti 2 au 3 zilizotulia. Kutoka kilele hicho hadi wastani wa kutwa nzima, baada ya kupunguza hasara za kubadilisha volti, kuna safari ndefu. Isitoshe, unyevu huimeza chaji hiyo, na ngozi ya binadamu ni mahali penye unyevu. Nguo inayovuna kwa msuguano inachukia jasho, na mavazi ya michezo ndiyo mahali panapotangazwa kuwa patafaa zaidi. Nimeshindwa kuuelewa uchaguzi huo.

Joto la mwili ni jambo la heshima zaidi, kwa maana halihitaji ufanye chochote. Mwili uliotulia hutoa wati 100 hivi za joto. Tatizo ni kwamba kinacholipa ni tofauti ya joto. Ngozi ikiwa nyuzi 33 na hewa nyuzi 23, hata mashine kamilifu isingeweza kugeuza zaidi ya asilimia 3.3 ya joto hilo kuwa umeme. Hiyo ni sheria ya fizikia, haibembelezwi. Mashine halisi iliyobanwa kati ya ngozi na hewa haipati hata tofauti hiyo yote, kwa sababu ngozi na hewa zenyewe zinazuia joto kupita. Na hewa ikifika nyuzi 33, mavuno yanakuwa sifuri. Vuta mkono wa shati juu yake, yanapungua tena. Anayeuza kivunaji cha joto bila kutaja joto la hewa aliyopimia ameficha nusu ya matokeo.

Mwanga ndio wenye mali, ukiupata. Garmin inasema saa yake ya Instinct 2 Solar, ya mwaka 2022, haitahitaji chaja kamwe katika matumizi ya kawaida, mradi ipate saa 3 kwa siku za mwanga wa lux 50,000. Naipongeza kampuni kwa kuweka sharti hilo wazi. Wachache hufanya hivyo. Lux 50,000 ni jua, nje, kifundo kikiwa wazi. Ofisi ya kawaida ina lux 500. Ukitaka kulipa deni hilo ofisini utahitaji saa 300 kwa siku.

Tatizo linaloniumiza kichwa zaidi si uchache wa mikrowati. Ni wakati zinapokosekana.

Fikiria soli ya kiatu ya kumlinda mzee anayeishi peke yake, inayotakiwa kutoa taarifa akianguka. Soli inalishwa na hatua zake. Asubuhi anatembea, soli inashiba na kutuma ishara: yuko sawa, yuko sawa. Saa nane mchana anateleza bafuni. Sasa amelala sakafuni, hatua zimekwisha, na mavuno yamekwisha pamoja nazo. Kapasita, kihifadhi kidogo cha umeme, ina akiba kidogo, inatuma ujumbe mmoja, labda miwili. Ujumbe huo ukigongana na mwingine hewani, au simu ikiwa chumba cha pili, basi. Kifaa kinacholishwa na mwendo hunyamaza pale mtu anaponyamaza. Vivyo hivyo kihisi cha moyo kinachoishi kwa misuli ya mkono: mgonjwa anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule asiyeweza kuinua mkono. Chakula cha kifaa kinakatika saa ileile habari inapokuwa na thamani kubwa.

Wapo wanaojibu kwamba ukimya nao ni ujumbe: soli ikiacha kutuma, piga kengele. Nimeitafakari hoja hiyo na ina uzito, lakini siyo sana. Mzee akivua viatu aangalie televisheni, soli inanyamaza. Akilala mchana, inanyamaza. Baada ya kengele ya tano ya bure binti yake ataizima, na mtu hawezi kumlaumu. Wengine wanajibu kwa akiba: hifadhi mavuno ya asubuhi yatumike jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Sawa, ila methali inachukulia kwamba kibaba hakivuji. Kapasita kubwa huvuja, na matone yakiwa madogo sana kibaba hicho hakijai kamwe. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Mhandisi anajikuta anarudi kwenye betri ndogo ya kuchajika, ile aliyoapa kuiondoa.

Kwa nini basi saa zilifaulu? Abraham-Louis Perrelet, fundi saa wa Uswisi, alikuwa akitengeneza saa za mfukoni zinazojijaza kwa mwendo wa mvaaji tangu miaka ya 1770. Mwaka 1988 Seiko iliuza saa ya kwatzi inayozalisha umeme wake kwa kipande cha chuma kinachozunguka mkono unapotikisika, na mwaka 1998 ikatoa Thermic, iliyoishi kwa joto la kifundo. Saa hizo hazikutegemea teknolojia ya nano wala vibandiko vya msuguano. Palikuwa na saa iliyojifunza kula kidogo. Saa ya kwatzi ya mishale inaridhika na mikrowati moja hivi, chini ya sehemu moja ya kumi ya jouli kwa siku. Kwa mlaji wa namna hiyo, karibu chanzo chochote kinatosha. Mavuno ya mwili wa binadamu hayajaongezeka tangu Perrelet. Kilichobadilika ni ukubwa wa tumbo la kifaa.

Ndiyo maana kazi ninayoifuatilia kwa hamu ni ile isiyopigiwa tarumbeta sana: kupunguza ulaji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha vifaa viwili vikiwasiliana bila kuzalisha mawimbi yao wenyewe. Vilichukua mawimbi ya televisheni yaliyokuwa tayari hewani, vikawa vinayarudisha na kuyaacha, mithili ya mtu anayekonyeza kwa kipande cha kioo juani badala ya kuwasha tochi. Mwaka 2017 wenzao wa chuo hichohicho wakatengeneza simu isiyo na betri iliyokula mikrowati 3.5. Iliongea, kwa kukwaruzakwaruza, ikiwa mita chache tu kutoka kwenye kituo chake. Kituo hicho, bila shaka, kilikuwa na umeme wa kutosha. Bili ilihama kutoka kifundo cha mkono kwenda kwenye kifaa kilicho karibu na soketi. Mimi sioni ubaya wowote. Umeme ukae mahali unapopatikana kwa urahisi. Nataka tu isemwe.

Njia nyingine ni kuzoea kufa. Mwaka 2020 vyuo vya Northwestern na Delft vilitengeneza kifaa cha michezo kinachoendesha michezo ya zamani ya Game Boy bila betri, kwa mwanga wa jua na nguvu ya vidole vinavyobonyeza vitufe. Umeme ukiisha, mchezo unakatika. Ukirudi, unaendelea palepale ulipoishia, kwa sababu kumbukumbu yake haifutiki umeme unapokatika. Programu imeandikwa na mtu aliyekubali tangu mstari wa kwanza kwamba kifaa kitazimika mara nyingi kwa siku. Mvuto wake ni unyenyekevu huo. Kinafaa kwa mchezo, kwa kuhesabu hatua, kwa kupima joto. Kwa moyo wenye hitilafu sikitaki.

Swali ambalo nadhani lingetangulia mengine yote ni kama betri ndiyo kikwazo kweli. Kidonge cha CR2032, kile cha duara kama sarafu, kina takriban jouli 2,400. Kifaa kinachokula mikrowati 10 kitaishi nacho zaidi ya miaka saba. Vihisi vya sukari vinavyobandikwa mkononi huvaliwa siku 10 hadi 15 vikatupwa, na kinachovimaliza ni kimeng'enya na mwili unaokikataa. Betri huwa bado ina pumzi. Kuweka kivunaji pale ni kumnunulia maiti viatu. Kwa upande wa pili kuna kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, kilichozikwa kifuani: betri yake ikiisha ni kisu na chumba cha upasuaji. Huko mikrowati moja ina thamani ya dhahabu, kiasi kwamba mwaka 1970 mjini Paris mgonjwa aliwekewa kifaa cha moyo kilicholishwa na plutoni, metali yenye mionzi. Thamani ya kuvuna haipimwi kwa mikrowati peke yake. Inapimwa kwa ugumu wa kuifikia betri.

Ndipo ninapofungua droo yangu. Mna mkanda wa mazoezi niliouvaa miaka mitatu. Kihisi chake kingali kizima, skrini haina mkwaruzo, na kampuni yake sitaitaja. Betri ilichoka: kutoka siku tano kwa chaji moja hadi saa sita. Niliupeleka kwa fundi. Akaugeuzageuza chini ya taa, akapitisha ukucha kwenye ungio lake, akanirudishia. "Huu umegandishwa kwa gundi," akasema. "Nikiufungua, haufungiki tena." Hakuna mshipa wala jasho ambalo lingeuokoa mkanda huo, maana nilishaupigia hesabu mwenyewe. Ulihitaji skrubu mbili.

Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya betri mwaka 2023 inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ndogo za vifaa ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Nilipoisoma nilifurahi, mpaka nikafika kwenye kipengele cha msamaha: vifaa vilivyobuniwa kufanya kazi hasa kwenye mazingira ya maji, na vinavyokusudiwa kuoshwa, vinaweza kuachiwa mafundi peke yao. Nikautoa mkanda wangu kwenye droo na kuugeuza. Mgongoni, kwa herufi ndogo zilizoanza kufutika, umeandikwa kwamba hauingii maji hadi mita 50.